Naomba ushauri: fundi asipotokea kwenye miadi, mteja aruhusiwe kumpa nyota?

Wakuu, habari za muda huu.

Nina tovuti ndogo ambayo watu wa Mwanza wanatolea maoni kuhusu mafundi bomba, mafundi friji, saluni, wapiga picha, mpaka kliniki binafsi za meno. Mteja anaweka nyota na maelezo, basi. Mwanzoni maoni yalihusu kazi yenyewe: huyu kapaka rangi safi, yule kashona suruali mguu mmoja mrefu. Siku hizi malalamiko mengi hayagusi kazi kabisa. Yako hivi: "Alisema saa nne. Nikaomba ruhusa kazini, nikashinda nyumbani. Kila nikipiga ananiambia yupo Buzuruga anatafuta bodaboda. Jioni simu haipatikani."

Fundi mmoja wa Nyakato kanijia juu. Anasema huyo mtu sijamfanyia kazi, hela yake sijala, sasa ananipimaje? Na ana hoja, maana ukiondoa maoni ya "hakutokea", waliobaki wote wanamsifia.

Halafu kuna wenye saluni wanataka niwafungulie ukurasa wa wateja wanaoweka miadi na kuingia mitini, kwa majina na namba za simu. Nichapishe yote, nikatae yote, au nifanyeje? Naomba kuwasilisha.

---

Sato wa Kukaanga: Chapisha mkuu, unaogopa nini? Zamani fundi wa Sengerema akichelewa tulimvumilia, foleni ya kivuko pale Kigongo tuliijua. Daraja limefunguliwa Juni 2025, watu wanavuka kwa dakika chache, na bado mtu anakwambia "nipo njiani" huku unasikia TV ya nyumbani kwake.

---

FundiFriji Igoma: Mnatuonea. Mteja anasema "ukifika Buhongwa stendi nipigie". Nafika na begi la vifaa na mtungi wa gesi, nampigia, simu imezimwa. Nauli yangu hiyo, nani ananirudishia? Baadaye huyohuyo anaandika sikutokea. Mtoa mada utajuaje nani mkweli? Kazi yangu unaweza kuja kuigusa: friji linagandisha au haligandishi. Miadi ni maneno ya watu wawili kwenye simu.

---

Bint Nansio: Natoka Ukerewe. Nilipanga miadi na kliniki moja ya meno mjini, wakanithibitishia kwa meseji. Nikapanda meli, nafika mlangoni namkuta mlinzi anakula mihogo, ananijibu bila hata kunitazama: "Daktari hayupo leo, mama." Meli ya kurudi sikuiwahi, nikalala gesti na jino langu linapwita usiku kucha. Mnaniambia sina haki ya kusema kwa sababu sikukaa kwenye kiti cha daktari? Mtu wa mbali kama mimi ndiye anayehitaji kujua hilo kabla hajakata tiketi. Ubora wa kuziba jino atauulizia baadaye.

---

Mzee wa Malimbe: Tuangalie wenzetu walivyofanya. Yelp, tovuti ya Marekani ya maoni kama yako, wanataka maoni yatokane na yaliyomkuta mwandishi mwenyewe kama mteja, na Google wanasema vilevile kwamba yawe ya tukio la kweli. Kusubirishwa siku nzima ni tukio la kweli, sioni linatokaje nje ya mstari. Ila Airbnb, wale wa kupangishia wageni nyumba mtandaoni, walikuwa na ujanja nilioupenda: mwenye nyumba akifuta nafasi ya mgeni, mfumo wenyewe uliweka taarifa kwenye ukurasa wake kwamba kafuta, zimebaki siku kadhaa mgeni afike. Taarifa kavu, haina matusi.

Kwa hiyo usichanganye nyota. Kazi iwe na nyota zake, miadi iwe na sehemu yake pembeni. Yule wa Nyakato asomeke alivyo, fundi mzuri, mgumu kumpata. Wapo watakaomsubiri hata hivyo, mimi mmoja wao.

---

Mama Saluni Pasiansi: Mimi ndio hao wanaotaka ukurasa. Jumamosi msichana kanishikia nafasi ya asubuhi ya kusuka rasta. Wasukaji nimewaweka, wateja wengine nimewarudisha. Hakuja, na nikimpigia anakata. Mbona fundi aanikwe yeye asianikwe?

---

Mzee wa Malimbe: Mama, dai advansi. Akitaka nafasi ya Jumamosi atume kidogo kwanza kwa simu, asipokuja imeliwa. Hata eBay, soko la mtandaoni, mwaka 2008 waliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya, kwa sababu wauzaji walikuwa wanalipiza kisasi na wanunuzi wakaogopa kusema ukweli.

---

Kanzu Nyeupe: Mtoa mada, namba za simu za wateja usiziguse. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Fundi katangaza biashara yake, amekubali kuongelewa kama fundi. Yule msichana wa rasta hajatangaza chochote. Pia ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuchapisha uongo ni kosa. Kabla hujapandisha lalamiko la "hakutokea", dai meseji ya kuthibitisha saa au risiti ya advansi. Uitunze mwenyewe, usiianike. Halafu mpe fundi nafasi ya kujibu palepale chini, kabla watu hawajaanza kushambulia.

---

FundiFriji Igoma: Hapo sawa. Na lalamiko lisikae milele. Mwaka jana nilifiwa, nikakaa msibani kijijini, wateja walinitafuta sana. Hilo nalo litanifuata mpaka lini?

---

Mtoa mada: Nashukuru wote. Ukurasa wa wateja siufungui, mama wa Pasiansi unisamehe. Malalamiko ya miadi yatakaa pembeni, yenye ushahidi tu, na jibu la fundi chini yake. La yakae muda gani sijaamua; nafikiria mwaka mmoja, ila aliyelala gesti na jino lake sijui ataniambiaje.

---

Bint Nansio: Mwaka unatosha. Kwanza wakihamisha kliniki au wakibadilisha jina utakuwa unawafukuzia wapi?

---

Sato wa Kukaanga: Weka linki. Na huyo wa friji hapo juu, njoo inbox, friji la mama halishiki baridi tangu Jumatatu.