Bima wananiambia nikadai halmashauri, halmashauri wanasema ni mvua za Mungu. Nianzie wapi?

Mama Vitenge:
Wakuu, habari za Ijumaa. Nina duka la vitenge na mashuka hapa Dar, halmashauri siitaji jina. Aprili 24 mwaka jana maji ya masika yaliingia dukani mpaka usawa wa kaunta. Mtaro wa mbele ulikuwa unajengwa, na mkandarasi wa halmashauri aliacha kifusi ndani yake tangu Februari. Tuliandika barua mbili kupitia serikali ya mtaa, nakala zenye mihuri ninazo. Mzigo wa milioni 26 uliharibika.

Bima ninayo. Mtathmini alikuja, akapiga picha, akaondoka. Miezi minne baadaye napewa barua: hasara imetokana na uzembe wa mwenye mtaro, kamdai yeye. Kule halmashauri ofisa akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hiyo ni kazi ya Mungu, na serikali haishtakiwi hovyo." Leo Januari 9 bado napigwa danadana. Ni kweli halmashauri haishtakiki?

Jembe Butu:
Pole dada. Waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011 hawakwenda na kesi. Kaombe huruma tu, mahakamani utazeekea.

Kandambili:
Acha kumkatisha tamaa. Wale walihamishwa mabondeni. Huyu yuko mtaani, na alionya kwa barua kabla maji hayajaja. Hapo "kazi ya Mungu" itakuwa ngumu kuitetea, kifusi hakikushuka na mvua.

Wa Mvita:
Huku kwetu Kenya, kuishtaki serikali kwa madhara una miezi 12 tu. Fanya haraka dadangu.

Koti Jeusi:
Sheria za Kenya hazimhusu, ila wa Mvita kagusa penyewe bila kujua.

Mama, halmashauri inashtakika. Kinachoiokoa mara nyingi ni watu kukosea mlango. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri imeingizwa kwenye sheria ileile ya mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5. Unatoa kwanza notisi ya siku 90 kwa halmashauri, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Zikiisha, kesi inafunguliwa Mahakama Kuu na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Ukimwacha nje, kesi imekufa hata kama haki ni yako. Na ukishinda usitegemee dalali wa mahakama akamate greda lao, mali za Serikali hazikamatwi.

Sasa ukomo wa muda. Madai ya uzembe kwa kawaida ni miaka 3. Lakini Sheria ya Ukomo ina kipengele cha mwaka 1 kwa fidia ya jambo lililofanywa, au kuachwa, katika kutekeleza sheria. Mtaro wanaujenga kwa mamlaka ya kisheria, kwa hiyo mawakili wao watakurukia hapo. Hesabu mwaka 1. Notisi ikipokelewa Jumatatu tarehe 12, siku 90 zinaisha Aprili 12. Unabakiwa na siku kumi na mbili za kufungua kesi. Tafuta wakili kesho, hii si ya kuandika mwenyewe.

Mstaafu wa Bima:
Nimeshughulikia madai miaka mingi. Fungua hati yako usome nyongeza, maana bima ya moto peke yake haigusi mafuriko mpaka yaongezwe. Kama yapo, barua yao imekaa kichwa chini miguu juu: wakulipe wewe kwanza, halafu wao wavae viatu vyako wamdai mwenye mtaro. Kwa hiyo usisaini karatasi yoyote ya kuisamehe halmashauri, utawapa sababu halali ya kukunyima. Waandikie upya, wakikaza nenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mama Vitenge:
Nimeikuta! Mafuriko yapo kwenye nyongeza. Nilikata ya milioni 20, kwa hiyo nasubiri 20?

Mstaafu wa Bima:
Dukani siku ile kulikuwa na mzigo wa shilingi ngapi kwa jumla?

Mama Vitenge:
Kwa daftari, milioni 40.

Mstaafu wa Bima:
Basi ulikata bima ya nusu ya mali, na kwa kawaida hati huwa na kifungu cha kukulipa nusu ya hasara. Tarajia 13.

Mama Vitenge:
Hilo wakala hakuniambia siku nalipia 😔

Koti Jeusi:
13 zilizobaki ndizo za kudai halmashauri, ndiyo maana notisi haiwezi kusubiri bima wamalize. Mwambie wakili wako uko kwenye bima pia, hasara moja hailipwi mara mbili.

Mama Vitenge:
Asanteni sana. Wakili nimempata kupitia shemeji, tunaonana kesho saa tatu. Jumatatu nikipeleka notisi, masjala wanagonga muhuri kwenye nakala yangu?

Koti Jeusi:
Muhuri, tarehe na sahihi. Wakikuambia "acha tu hapo mezani", usiondoke.