MREJESHO: Maktaba ya Python hatimaye imejengeka kwenye Nixpkgs

Wakuu, niliuliza kwa nini maktaba yangu ya Python inakubali kusakinishwa kwa pip (kisakinishi cha kawaida cha Python), ila nikiiandalia kifurushi cha Nixpkgs, mkusanyiko wa vifurushi vya programu vinavyojengwa kwa zana iitwayo Nix, majaribio yake yanafeli. Aliyeniambia nichunguze mtandao alipatia kabisa: Nix hujenga ndani ya mazingira yaliyofungwa, hakuna intaneti, na majaribio mawili yalikuwa yanaita seva ya nje. Nimeyazima hayo mawili tu na sababu nimeiandika pembeni. Sikutaka kuzima yote, maana yaliyobaki ndiyo yanayonihakikishia maktaba ni nzima.

Kilichonila siku nzima ni heshi, yaani ile alama ya herufi na tarakimu inayotambulisha maudhui ya faili. Nilipandisha namba ya toleo nikasahau kubadilisha heshi ya chanzo, yaani msimbo wa maktaba ninaouvuta kutoka GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo. Nix haikulalamika! Chanzo cha zamani kilikuwa tayari kwenye hifadhi yake, heshi inalingana, ikakitumia hichohicho. Nikawa natafuta hitilafu kwenye msimbo ambao wala haukuwa ule mpya. Sasa kila nikibadili toleo naweka kwanza heshi ya uongo, ujenzi unagoma na kunitajia ile sahihi.

Ombi la kuunganisha kifurushi changu na Nixpkgs nimeshalituma, nasubiri wakaguzi. Asanteni sana, mmenisaidia mno.