Naomba ushauri: makala ya mzee kuhusu Mkwawa

Habari zenu wakuu. Nipo Iringa, nahariri makala za wasomaji kwenye jarida letu la mtandaoni. Mzee mmoja wa Kalenga ametuletea makala nzuri mno kuhusu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Ameandika fuvu la Mkwawa, lililopelekwa Ujerumani, lilirudishwa 1945 badala ya 1954. Hilo dogo, nitarekebisha. Kinachonikwamisha ni aya ya kifo. Vitabu vinasema alijipiga risasi mwaka 1898, yeye anaeleza tofauti, kama alivyosimuliwa na bibi yake. Nimempigia simu, kajibu: "Mwanangu, ukigusa hapo nirudishie makala yangu." Kuikata roho yangu inakataa, simulizi hizi zinaondoka na wazee.

Je, niiache aya ilivyo na kuweka maelezo ya mhariri chini yake? Na maelezo hayo nimsomee kwanza kabla ya kuchapisha?