Mradi wa mwaka wa nne saikolojia: msongo na usingizi wa madereva wa tuktuk

Bahari_Nne

Salaam aleikum wakubwa. Niko mwaka wa nne wa shahada ya saikolojia hapa Mombasa. Mradi wangu unauliza kama msongo wa mawazo unaendana na usingizi mbaya kwa madereva wa tuktuk wa Mwembe Tayari, Buxton na Kongowea. Msongo nitaupima kwa PSS-10, hojaji fupi ya msongo, usingizi kwa PSQI, hojaji ya ubora wa usingizi. Pendekezo linaingia idarani mwezi ujao, na msimamizi anataka sababu ya kila nambari. Nihoji watu wangapi? Hojaji za Kiingereza nizifanyeje? Na ni makosa gani hasa yanayoharibu data za vipimo hivi?

Kibokoni

Waalaikum salaam. Idadi ya watu hutokana na mambo matatu: ukubwa wa uwiano unaoutarajia, kiwango cha kosa unachokubali, na nafasi ya kuuona uwiano huo iwapo kweli upo. Kwa uwiano wa wastani, r = 0.30, alfa (kiwango hicho cha kosa) 0.05 na uwezo (nafasi hiyo ya kuuona) wa asilimia 80, wahitaji watu 85 hivi. Panga 100, kwa sababu hojaji za barabarani hukatika: abiria akija, dereva anawasha na kuondoka. Fanya hesabu kwa G*Power, ni programu ya bure, kisha uibandike kwenye pendekezo.

Usianze kulinganisha madereva wa mchana na wa usiku. Kwa tofauti ya wastani baina ya makundi mawili, d = 0.5 (nusu ya mchepuko sanifu), utahitaji 64 kila upande, jumla 128, na muhula hautakutosha. Zamu iache kando.

Jambo la pili ni namna ya kuwapata. Ukisimama steji moja tu utakusanya watu wanaofanya kazi saa zilezile, wenye wateja walewale, na majibu yao yatafanana. Pata orodha ya steji kutoka kwa wenyeviti wao, piga kura uchague chache, kisha katika kila steji uchukue kila dereva wa tatu kwenye foleni. Anayekataa mwandike kuwa amekataa. Idadi ya waliokataa lazima ionekane kwenye ripoti.

mamaSalim

Mwanangu, mradi wa namna hii huharibika kwenye hojaji kabla takwimu hazijaguswa, kwa hivyo nitakaa hapo.

Kwanza tafuta tafsiri ya Kiswahili iliyokwisha kutumiwa katika utafiti, na uombe idhini kwa wenye kipimo. PSQI ina hakimiliki. Ukilazimika kutafsiri mwenyewe, mtu mmoja atafsiri, wa pili asiyeiona hojaji ya asili airudishe kwa Kiingereza, halafu mkae mkilinganisha swali kwa swali. Baada ya hapo wape madereva 10 ambao hawatakuwamo kwenye sampuli, na umwambie kila mmoja aeleze kwa maneno yake ameulizwa nini. Swali likieleweka namna mbili, libadilishe hapohapo.

PSS-10 (Sheldon Cohen na Gail Williamson, 1988) ina maswali 10, kila moja 0 hadi 4, jumla 0 hadi 40. Maswali ya 4, 5, 7 na 8 ni ya upande wa heri, kwa hivyo hugeuzwa: 4 toa jibu. Wengi husahau hapa. Jipime hivi: dereva aliyejibu 4 kila mahali ana 40 kabla ya kugeuza na 24 baada ya kugeuza. Ukiona bado ni 40, hujageuza. Aliyejibu 2 kila mahali atabaki na 20 kwa vyovyote, kwa hivyo hojaji za namna hiyo zitazame kwa jicho, huenda hakusoma. Alfa ya Cronbach, yaani kipimo cha kama maswali yanakubaliana, ikitoka chini sana, au hasi, kagua maswali hayo manne kwanza.

PSQI (Buysse na wenzake, 1989) haijumlishwi swali kwa swali. Majibu huingia katika sehemu 7, kila moja 0 hadi 3, jumla 0 hadi 21. Zaidi ya 5 huhesabiwa usingizi mbaya. Tatizo kubwa kwetu ni saa. Dereva anatazama simu, anaandika anapanda kitandani 11, yaani saa tano usiku. Kuamka anaandika tena 11, safari hii kwa saa ya Kiswahili, maana yake alfajiri. Karatasi inasema muda wa saa 12 kitandani, ilhali ni 6. Kama alilala kwa muda wa saa 5, ufanisi wake wa kweli, yaani muda wa kulala kwa muda wa kitandani, ni 5 kwa 6, asilimia 83, alama 1. Kwa karatasi ile ni 5 kwa 12, asilimia 42, alama 3. Mtu mmoja, alama mbili za bure! Kwa hivyo uliza wewe kwa mdomo, thibitisha kwa kuuliza ni baada ya Isha au kabla ya adhana ya Alfajiri, na uandike papo hapo kwa mfumo wa saa 24: 23:00, 05:00.

Na tazama kalenda. Vipimo vyote viwili vinauliza mwezi uliopita. Ukikusanya wiki mbili baada ya Idi, nusu ya mwezi huo ni Ramadhani, na daku itaonekana kama usingizi mbaya. Subiri mwezi mzima upite.

Bahari_Nne

Ahsante sana mama, nawe Kibokoni. Wasiojua kusoma nitawasomea. Na dereva akianza kulia au kusema amechoka na maisha?

Mshauri_Likoni

Ukimsomea mmoja, wasomee wote kwa maneno yaleyale, la sivyo utakuwa na njia mbili za kupima. Usisome mbele ya wenzake stejini. Mtu hujibu kishujaa. Kaeni pembeni. Ridhaa iwe ya maandishi au alama ya kidole mbele ya shahidi, karatasi iwe na namba ya siri badala ya jina. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti.

Akilia, simamisha hojaji, usiendelee kwa ajili ya data. Wewe si mshauri nasaha bado. Sheria ya Kenya ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka usajili kwa kazi hiyo. Akitaja kujidhuru usimwache peke yake: mpigie msimamizi, na mpeleke hospitali. Port Reitz wana kitengo cha afya ya akili. Simu na mahali pa rufaa viandikwe kwenye pendekezo.

Kibokoni, kwa zamu sikubaliani nawe. PSQI inauliza usingizi wa usiku, kwa hivyo dereva anayelala mchana atapata alama mbovu hata kama amelala vizuri. Wachukue wa mchana tu, na uliandike hilo katika vigezo vya kushiriki.

Kibokoni

Hilo kweli, nalikubali. Bahari, changanua kwa JASP, nayo ni programu ya takwimu ya bure. Chora alama kwanza. Zikiegemea upande mmoja tumia uwiano wa Spearman, unaotazama nafasi ya kila alama katika mpangilio badala ya alama yenyewe. Mfano wa kuripoti: r(98) = 0.30, p = 0.002. Hiyo 98 ni watu 100 toa 2, na p ni nafasi ya kupata uwiano mkubwa hivyo iwapo kweli haupo. Hapo msongo unashirikiana na usingizi kwa asilimia 9 tu (0.30 mara 0.30) ya tofauti baina ya madereva. Usiandike kwamba msongo unawanyima usingizi. Umepima mara moja, hujui kipi kilitangulia.