Wakuu naomba msaada: folda ya mradi imepotea kwenye Drive, wakaguzi wanaingia Jumatatu

Kaka_wa_Kebo
Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye shirika dogo lisilo la kiserikali, tupo watu 14. Printa ikigoma naitwa mimi, kifurushi kikikata naitwa mimi. Tunatumia ule mpango wa Google wa bure kwa mashirika kama yetu. Ijumaa afisa mradi kafungua folda ya wanufaika, watoto 640 wanaolelewa na bibi zao, kakuta haipo. Majina, picha, fomu za ridhaa, saini za posho za kamati za vijiji, vyote hamna. Wakaguzi wa mfadhili wanaingia Jumatatu ijayo. Kuna programu ya kurudisha mafaili yaliyopotea Drive? Ya bure ingefaa zaidi. Usingizi sipati.

Mpwa_Mkaidi
Watu 14, na magari mangapi? Siku hizi kila mwenye laptopu na rafiki mzungu ana shirika. Tuanzie hapo kwanza.

Mama Tausi
Pole mdogo wangu. Sisi kikundi chetu Nachingwea tulikuwa na kaunta buku tatu. Mchwa wakala ya pili, ikabaki ya kwanza na ya tatu. Waliokopa katikati mpaka leo wanasema hawadaiwi, na mmoja ni shemeji yangu, kajenga.

Bwana Waya
Hivyo ni virusi. Piga fomati mashine zote, weka antivirusi ya kulipia. Njoo pembeni, bei ya mashirika ipo.

Seva_Moto
Msimsikilize huyo. Faili za Drive hazikai kwenye mashine, ukifomati unajichosha bure. Mtoa mada, folda hiyo ilikuwa ya nani? Kama haikuwekwa kwenye hifadhi ya pamoja, ni mali ya akaunti iliyoitengeneza. Ninyi wengine wote mlikuwa wageni mnaochungulia dirishani.

Kaka_wa_Kebo
Ilikuwa ya dada mmoja wa ufuatiliaji na tathmini. Ameshaacha kazi, lakini sidhani kama linahusiana.

Seva_Moto
Linahusiana. Akaunti yake iko wapi?

Kaka_wa_Kebo
Haipo.

Mama Tausi
Haipo imekwenda wapi, imepanda basi?

Kaka_wa_Kebo
Sawa jamani. Niliifuta mimi, tarehe 2. Bosi aligombana naye mambo ya masurufu, akaja akasimama nyuma ya kiti changu: "Mfute huyu sasa hivi, nione." Kabla haijafuta kinatokea kidirisha kinauliza data zake zihamie kwa nani. Mtu anakuhemea begani, ukianza kusoma kidirisha ataona unamtetea. Nikachagua zisihamishwe, nikabonyeza. Nilijua bekapu ipo kwenye hadi-diski ya nje. Nimeichomeka Ijumaa, ya mwisho ni ya Juni mwaka juzi. Ningefanyaje? Mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu.

Mpwa_Mkaidi
"Imepotea." Haya.

Seva_Moto
Sikiliza vizuri, leo ni tarehe 19. Akaunti iliyofutwa inashikiliwa siku 20 tu, baada ya hapo hata ulie hairudi. Una mpaka tarehe 22. Ingia kwa adimini mkuu, ile akaunti inayosimamia nyingine zote, fungua orodha ya watumiaji, chuja waliofutwa karibuni, mrejeshe. Faili zake zinaweza kuchelewa hadi saa 24 kuonekana, usianze kubonyeza ovyo. Ukishampata badilisha nywila, hamisha folda kwenye hifadhi ya pamoja. Siku nyingine mtu akiondoka unaisimamisha akaunti, kila kitu kinabaki mahali pake. Unazunguka kutafuta programu ya bure na kitufe kipo.

Mama Tausi
Na huyo dada mpigieni simu mumwombe radhi. Inawezekana anazo nakala.

Kaka_wa_Kebo
Namba yake ninayo ila nashindwa pa kuanzia, hata mkataba wake na hati zake za mshahara vilikuwa humo. Seva_Moto, Mungu akubariki. Ila kuna jambo. Bosi ameandaa barua kwa mfadhili kwamba tumedukuliwa, na ile aya ya kiufundi nimemwandikia mimi. Ukiangalia ina mantiki: mashirika yanadukuliwa kila siku, jina la dada wa watu halitajwi, hakuna anayeumia. Sasa nikirudisha akaunti si tutaonekana waongo?

Mwalimu wa Zamu
Mtaonekana mlivyo. Msalaba Mwekundu wa kimataifa walidukuliwa kweli, wakagundua Januari 2022, taarifa za watu zaidi ya 515,000. Walitangaza wenyewe, wakasema wezi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakataja na mlango: tundu la programu ambalo halikuwa limezibwa kwa wakati. Wewe mdukuzi wako utasema aliingilia wapi? Halafu ukisema taarifa za watoto 640 zimevamiwa, unatakiwa uijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi bila kuchelewa. Sheria ni ya 2022, inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Utawapelekea maelezo gani?

Seva_Moto
Na kumbukumbu za adimini zinakaa miezi 6. Mtaalamu yeyote akiomba kuziona atasoma: tarehe 2, saa fulani, akaunti fulani imefutwa, kutoka kwenye anwani ya intaneti ya ofisi yenu. Mdukuzi wenu alikaa kwenye kiti chako.

Mpwa_Mkaidi
Mimi nasema huyu anatutungia. Mtu wa kompyuta asiyejua habari ya siku 20? Halafu kafuta tarehe 2, pengo limeonekana Ijumaa tarehe 16. Wiki mbili nzima hakuna aliyefungua orodha ya watoto 640? Huyu ni mwanachuo, tunamwandikia insha.

Bwana Waya
Au ni Seva_Moto mwenyewe na akaunti mbili. Anajiuliza, anajijibu, anapewa baraka.

Seva_Moto
Wewe umeshauza antivirusi ngapi leo?

Chausiku_Field
Nimefanya kazi mashirika manne. Wiki mbili bila kufungua orodha ni kidogo. Orodha inafunguliwa mkaguzi akisema anakuja. Hapo kwenye bosi kusimama nyuma ya kiti ndipo nilipoamini, nimewahi kusimamiwa hivyo nikitengeneza risiti za chai.

Mpwa_Mkaidi
Umesema risiti za nini?

Chausiku_Field
Tuendelee na mada.

Kaka_wa_Kebo
Ningekuwa natunga ningejitungia bosi mwingine. Nimejaribu sasa hivi, nimekwama. Adimini mkuu ni akaunti moja ya ofisi, na msimbo wa kuthibitisha unakwenda kwenye simu ya bosi. Yupo kwenye basi anatoka Singida, simu haipatikani tangu saa tano, nadhani chaji imeisha.

Seva_Moto
Adimini mkuu mmoja kwa shirika zima, tena kwenye simu ya mtu anayesafiri! Wekeni wawili. Na kuna misimbo 10 ya akiba, unaichapa unaifungia kwenye kabati la mhasibu. Hamkuchapa?

Kaka_wa_Kebo
Sikujua ipo.

Mama Tausi
Mdogo wangu, basi likifika nenda stendi na chaja.

Kaka_wa_Kebo
Nimerudi. Nilikwenda stendi kweli, na pawabenki. Simu ikawaka, tukaomba msimbo, nikaingia nimesimama karibu na wauza karanga. Jina la dada lipo kwenye waliofutwa, nikarejesha, imekubali. Folda bado haijaonekana, nasubiri hizo saa 24. Ila juu ya ule msimbo kulikuwa na arifa, nikaisoma kabla bosi hajanipokonya simu. Mfadhili anajibu. Barua ya kudukuliwa bosi aliituma asubuhi akiwa ndani ya basi. Wanasema poleni sana, na Jumatatu wakaguzi watakuja na mtaalamu wa usalama wa mifumo.

Mama Tausi
Uuwi. Seva_Moto, na barua nayo ina kitufe cha kuirudisha?

Seva_Moto
Kipo. Mwisho sekunde 30.