Tupeane uzoefu: uliwasha kache, tovuti ikaenda kasi au ikavurugika?

Ndugu zangu, salaam. Nipo Tabora mjini, ninasimamia tovuti ya kikundi cha wafugaji wa nyuki. Tumepanga kwenye hostingi ya pamoja, ambako seva moja hubeba tovuti za watu wengi, kama nyumba ya kupanga yenye bomba moja uani: wapangaji wote wakichota asubuhi, maji yanadondoka tu. Ukurasa wa asali ulikuwa ukichukua sekunde tisa kufunguka kwenye simu.

Niliweka programu-jalizi ya kache, yaani kiongezo kinachohifadhi nakala ya ukurasa ulio tayari ili usitengenezwe upya kwa kila mgeni, nikawasha kila kitufe, nikapima, nikakuta tisa zilezile. Kwa siku mbili niliwalaumu wenye seva, kumbe nilikuwa nikipima nikiwa nimeingia kama msimamizi, na programu-jalizi nyingi za WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, kwa mipangilio yake ya awali, hazimpi mtu wa namna hiyo nakala iliyohifadhiwa, bali humtengenezea ukurasa upya kutoka kwenye hifadhidata. Nilipofungua dirisha la faragha, mara ya kwanza ilikuwa polepole kwa kuwa nakala haikuwepo bado. Mara ya pili, kwenye majibu ya seva, neno “miss” (nakala haikupatikana) likageuka “hit” (imepatikana), na ukurasa ukaja kwa sekunde tatu. Tangu hapo ninabadilisha kitu kimoja tu, ninasafisha kache, ninafungua mara moja bila kuhesabu, kisha ninapima mara tano na kuchukua matokeo ya katikati. Sekunde tatu zilizobaki ni za picha ya mizinga yenye megabaiti nne, ambayo kache haiwezi kumpunguzia mgeni anayefika kwa mara ya kwanza.

Mchangiaji wa Ujiji:
Ndugu yangu, mimi nauza dagaa na mawese, na kache iliniaibisha. Nilinakili kanuni za mtu nikazibandika kwenye .htaccess, faili la maagizo ya seva, bila kuzisoma, zikahifadhi hata kikapu, mteja wa Kasulu akafungua akakuta debe la mawese ambalo hakuliagiza. Kikapu, malipo na akaunti ya mteja visiguswe na kache ya kurasa. Jambo la pili ni bei: mwezi ukiwaka, taa za wavuvi hazivuti dagaa sawasawa, bei inapanda, nami nakala zangu zilikuwa zikikaa wiki nzima zikitangaza bei ya siku za giza. Sasa kurasa za bei zinakaa saa moja tu, ilhali nembo na fonti nimezipa sekunde 31,536,000, yaani mwaka, na nikibadilisha nembo ninabadilisha pia jina la faili, ili wageni wasiendelee kuona nakala ya zamani.

Mchangiaji wa Nzega:
Kwangu shida ilikuwa kitufe cha kuunganisha mafaili ya JavaScript, lugha inayoendesha vitu kama menyu kwenye ukurasa. Menyu ilikataa kufunguka kwenye simu, nikakizima, na kipimo hakikubadilika hata kidogo. Je, kuna aliyewahi kuweka programu-jalizi mbili za kache kwa pamoja?

Mleta mada:
Niliwahi, kaka. Nilisafisha moja, ya pili ikaendelea kugawa ukurasa wa juzi. Nimebaki na moja.