Tupeane uzoefu: kujifunza kutengeneza felti ya sufu kwa maji na sabuni

Ndugu zangu wa Dodoma na mikoa jirani, naomba tukusanye hapa uzoefu wa wote walioanza kutengeneza felti, kile kitambaa kizito kisichofumwa, kinachopatikana kwa kulowesha sufu maji vuguvugu ya sabuni na kuisugua hadi nyuzi zikamatane. Naanza na suala la maji. Maji ya kisima tunachotumia mtaani kwetu ni magumu, na sabuni ya mche haitoi povu la kutosha, bali huacha utando wa kijivu juu ya sufu. Nilipokinga maji ya mvua, povu lilijaa na viganja vikateleza juu ya sufu bila kuivuta, na hilo ndilo linalotakiwa mwanzoni, kwa sababu mkono unaokwama huzitawanya nyuzi kabla hazijashikana. Karibuni.

Kutoka Kondoa

Ahsante, dada. Kondoo wetu wengi wana nywele fupi badala ya sufu, na nywele hizo hata ukizisugua mchana kutwa hazitoi kitambaa cha maana. Mimi huagiza sufu ya Merino, aina ya kondoo wenye sufu laini, iliyokwisha kuoshwa na kuchanwa. Anayenunua aulize pia kama sufu hiyo imetiwa dawa ya kuzuia kusinyaa, maana vigamba vidogo vilivyo juu ya kila unyoya ndivyo vinavyonasana, na dawa hiyo huviondoa au kuvifunika.

Kutoka Mpwapwa

Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo kilichonishughulisha zaidi ni vipimo. Felti husinyaa sana, mara nyingi theluthi moja au zaidi, hivyo nikitaka kipande cha sentimita 20 hutandaza sufu kwa upana wa sentimita 30. Huchomoa vishungi vyembamba kiasi cha kuona meza kupitia kwake, nikalaza tabaka la kwanza kwa urefu, la pili kwa upana, na la tatu tena kwa urefu. Palipo chembamba kuliko pengine hapafichiki, kwani patatoboka wakati wa kuviringisha, na kwa maoni yangu anayeanza atumie muda mwingi hapa kuliko kwenye hatua nyingine yoyote.

Kutoka Manyoni

Naongezea kuhusu kuviringisha. Nafunika sufu kwa kipande cha pazia la neti, nasugua taratibu kwa sabuni, kisha naizungusha kwenye mkeka na kuuviringisha mbele na nyuma, nikigeuza upande kila mara ili isinyae sawasawa. (Wamongolia hufanya kazi hiyo kwa kuburuta furushi zima nyuma ya farasi.) Kujua kama imekubali, bana uso wake kwa vidole viwili na kuinua: nyuzi zikiinuka peke yake, endelea, kikiinuka kitambaa kizima, imeshikana. Je, ninyi mnaisuuzaje? Yangu hubaki na utelezi.

Aliyeanzisha mada

Ndugu wa Manyoni, suuza hadi maji yatoke meupe, kisha loweka kwa muda mfupi kwenye maji yenye siki kidogo, ambayo huondoa ukali wa sabuni uliobaki, na usuuze tena. Anika ndani au kivulini, hasa miezi hii ya upepo, kwa kuwa vumbi likitua juu ya sufu mbichi ni vigumu sana kulitoa.